Tunalipia Kumi, Tunatumia Tisa

Ahadi ya mchango wa harusi haiombwi mara mbili. Mtu akishaitamka mbele ya kamati imetamkwa, na ukimwambia arudie ataona unamtaka aongeze. Hilo ndilo lililotuponza Jumanne ile mjomba alipokuwa akiahidi kutoka Muscat.

Bibi harusi mtarajiwa ni shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu. Kamati hukutana kila Jumanne saa mbili usiku, nusu yake sebuleni kwetu Tabata na nusu nyingine kwenye skrini ya televisheni. Shangazi yuko Tanga, binamu wawili wako Mwanza, na mjomba, kaka yake mama mkwe, yuko Oman tangu enzi za kuandikiana barua. Kule ni saa tatu. Yeye huwa ameshakula, amevaa kanzu na kofia, amejiweka sawa mbele ya kamera. Mwenyekiti akamkaribisha. Mjomba akakohoa, akatuombea dua, akaeleza alivyombeba bibi harusi begani akiwa mchanga, kisha akainua kidole: "Basi mimi, kwa uwezo wangu mdogo, natoa milioni..."

Akaganda. Mdomo wazi, kidole juu, kimduara kikimzunguka katikati ya paji la uso. Mama mkwe akainuka hadi kwenye televisheni. "Kaka! Kaka, wasikia?" Kaka hasikii. Picha iliporudi alikuwa anamalizia: "...na zaidi ya hapo, jamani, sina." Wajumbe wote tukapiga makofi, maana tungefanya nini?

Mjadala ulianza alipokata simu. Wapo waliosema kile kidole kimoja ndicho jibu, milioni moja. Wapo waliosema mtu huinua kidole anapotaka kusikilizwa, na kwamba mjomba amekuwa akifanya hivyo tangu ujana. Shangazi wa Tanga, ambaye ndiye katibu, hakubishana na yeyote. Aliandika milioni tano na kuitupa orodha kwenye kundi la WhatsApp usiku ule ule. Mjomba aliisoma, alama za bluu zilionekana. Hakujibu neno.

Sasa, nyumbani kwetu intaneti ikikwama hutafutwa mtu. Sijaona nyumba iliyo tofauti. Kitu kisicho na mikono hakishukiwi hata siku moja, ilhali mwanadamu yeyote aliyepita karibu na ruta ana kesi ya kujibu. Wa kwanza kutiwa mbaroni alikuwa kijana wetu wa kidato cha tatu, ambaye, kusema kweli, kumbukumbu zake si nzuri, kwa sababu aliwahi kupakua mchezo mzima wa mpira usiku wa manane. Akatolewa chumbani, simu yake ikakaguliwa, ikakutwa imeishiwa chaji tangu jioni. Akaachiwa bila kuombwa radhi, ndivyo watoto wa nyumba zetu wanavyoachiwa.

Wa pili alikuwa jirani. Mama mkwe ndiye aliyemtaja, tena kwa upole. "Huyo baba wa nyumba ya pili," alisema akimenya chungwa, "mbona siku hizi hamumsikii akilalamika bando?" Mahakamani huo usingehesabiwa ushahidi. Lakini mimi ni mkwe, na mkwe hampingi mama mkwe mbele ya watu. Paswedi ikabadilishwa pale pale, na hapo ndipo upelelezi ulipoharibika, kwa sababu intaneti ilitengemaa dakika ile ile. Video zikafunguka, binamu wa Mwanza wakaonekana hadi picha za ukutani kwao. Mama mkwe hakusema kitu. Aliinuka akaenda kulala, kesi imekwisha.

Wiki ile salamu za asubuhi kwa jirani zilifupishwa. Mbuzi ya kukunia nazi tuliyokuwa tukiazima kwao haikuazimwa tena. Mke wangu akaanza kununua tui la pakiti, na wali ukawa na ladha ya pakiti. Jirani mwenyewe sidhani alijua kwamba ameshtakiwa, sembuse kuhukumiwa.

Kisha ugonjwa ukarudi. Safari hii kampuni ikaleta fundi, kijana mstaarabu, saa nne asubuhi, watoto wako shule na wakubwa wengine wako kazini. Akapima kasi: megabiti 10 kwa sekunde, kamili, ndizo tunazolipia. "Mzee, mtandao wenu mzima kabisa," akasema. "Ila mko wengi. Chukueni kifurushi cha 20." Mke wangu, aliyekuwa akikusanya fedha za friji mpya, alimsindikiza hadi getini kwa heshima zote na kumwambia tutalifikiria, maneno ambayo mimi niliyemwoa najua maana yake.

Aliyeifumbua kesi ni binti yetu, kifungua mimba, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Anasoma mambo ya mawasiliano chuoni, na kwa muda mrefu tulidhani maana yake ni kutengeneza simu. Jumanne iliyofuata hakukaa na kamati. Alikaa kwenye kona na kompyuta yake, skrini nyeusi yenye mistari ya tarakimu ikipanda. Alikuwa anatuma ujumbe mdogo sana, baiti chache tu, na kupima muda wa kwenda na kurudi. Kutoka kwake hadi kwenye ruta iliyo ukutani, milisekunde 3. Kutoka kwake hadi seva moja ya nje, milisekunde 20 kabla ya kikao. Ilipofika saa mbili na robo, ya ruta ilikuwa bado 3, lakini ya nje ilikuwa 1,900.

"Baba, hii karibu sekunde mbili," alininong'oneza. "Wi-Fi ya ndani haina shida. Kuna kitu kimeziba mlangoni."

Akafungua ukurasa wa ruta, ambako kila kifaa kilichoungwa kinaorodheshwa na mzigo kilioubeba. Nilishtuka tulivyo wengi: simu zote, televisheni, king'amuzi, kompyuta ya ofisini kwa mke wangu, hata simu ya zamani ya mama mkwe ambayo yeye huitumia kusikilizia mawaidha. Vyote vilikuwa vikidonoa kidogo kidogo, isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa kimeshavuta gigabaiti mbili tangu magharibi na bado kinaendelea. Jina lake lilikuwa herufi na namba tupu, la kiwandani. Tukapita chumba kwa chumba, na kwenye kitanda cha chumba cha vijana tukakuta laptopu iliyounganishwa kwenye umeme, skrini imezima, feni yake inavuma peke yake gizani.

Ilikuwa ya kijana wa kaka yangu, aliyekuja kutoka chuo Dodoma kwa mafunzo ya vitendo. Mwenyewe alikuwa sebuleni, akiwapitishia wajumbe vikombe vya chai, simu mfukoni, adabu tele. Kule chuoni alikuwa akiiunga laptopu kwa intaneti ya simu yake, na kwa busara aliiwekea alama kwamba intaneti hiyo inapimwa kwa bando, ili isipakue chochote kizito. Kwa hiyo ilikaa miezi ikiahirisha masasisho. Ilipofika Tabata ikakuta Wi-Fi isiyo na kikomo, ikakumbuka madeni yake yote. Akiizima katikati, ikiwashwa tena inaendelea pale ilipoishia.

Na ile siku ya paswedi? Yeye pia alikatwa. Mgeni haombi paswedi mara ya pili, akaona haya, akavumilia siku kadhaa bila kutuambia, hadi alipomwomba mdogo wake kimya kimya. Amani yetu yote, ile iliyomtia hatiani jirani, ilidumu kwa urefu wa aibu ya mgeni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sasisho kubwa la mfumo wa kompyuta linaweza kufika gigabaiti 4. Kila baiti ni biti 8, kwa hiyo hizo ni megabiti 32,000. Ukizipitisha kwenye njia ya megabiti 10 kwa sekunde unapata sekunde 3,200, dakika 53 na ushei, hata kama hakuna mwingine anayegusa intaneti. Yaani kikao kizima, tangu dua ya kufungua hadi soda.

Lakini mjomba anahitaji nini? Sauti yake ni kama kilobiti 100 kwa sekunde. Uso wake, kanzu na kofia pamoja, megabiti moja au mbili. Kwenye njia ya 10 hawezi kukosa pa kupita. Fundi angeongeza kasi mara mbili, na laptopu ingekula mara mbili, kisha ingemaliza mapema kidogo. Kinachomuua mjomba ni kungoja, na hapa binti yangu alinifafanulia kwa mfano wa shughuli: foleni ya pilau, mbele amesimama mtu aliyekuja na masufuria ya ukoo mzima, anajaziwa moja baada ya jingine, na nyuma yake kuna mtoto anayetaka bilauri ya maji tu. Ukiongeza wapakuaji wawili, masufuria yanajaa haraka, lakini mtoto bado yuko nyuma yake. Pakiti ya sauti, yaani kipande chake kidogo kinachosafirishwa, ikichelewa sekunde mbili haina faida tena, programu inaitupa. Ndipo mjomba anapoganda.

Foleni yenyewe imetoka wapi? Hii ndiyo sehemu iliyonikalisha macho hadi usiku. Oktoba 1986, intaneti ikiwa bado ya wasomi wachache, njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo ambayo unaweza kutembea kwa miguu kutoka moja hadi jingine, ilidorora ghafla kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta ilikuwa inarudia kutuma yaliyochelewa, na kurudia huko kukazidi kuziba njia. Mtafiti Van Jacobson akaja na dawa aliyoichapisha mwaka 1988, na ndiyo ambayo intaneti inaishi nayo hadi leo: mtumaji aanze polepole, aongeze kasi, na pakiti ikipotea njiani ajue kumejaa, apunguze. Kupotea kwa pakiti ni habari.

Miaka ikapita, kumbukumbu za kompyuta zikawa rahisi, na watengenezaji wa ruta na modemu wakaona ni ukarimu kuweka nafasi kubwa ya kusubiria ili pakiti isipotee kamwe. Nia njema hiyo. Matokeo yake ile habari haifiki, au inafika imechelewa mno, na mtumaji anaendelea kumimina huku foleni inarefuka. Mwaka 2010 mhandisi wa Bell Labs, Jim Gettys, alikuwa nyumbani kwake Marekani akituma mafaili mengi, akagundua kwamba ujumbe mdogo unachukua zaidi ya sekunde moja kwenda na kurudi. Watoto wake nao walikuwa na kawaida ya kulalamika kwamba intaneti leo nzito. Nilifarijika kusikia hivyo. Hata kwa wataalamu kuna nyumba, na nyumbani kuna malalamiko.

Bado nilitaka kujua kwa nini Jumanne, na kwa nini saa mbili. Kwa kijana wa Dodoma ilikuwa bahati mbaya tu. Lakini binti yangu alikuwa ametazama kumbukumbu za ruta, akaona hata laptopu ya ofisini kwa mama yake inavuta mzigo Jumanne moja kila mwezi. Tangu Oktoba 2003 Microsoft imejiwekea desturi ya kutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Wahandisi wao wamekunywa kahawa, wako macho, tatizo likitokea wana siku nzima ya kazi mbele yao. Ni utaratibu mzuri sana ukiwa Seattle. Geuza saa: kwa sehemu kubwa ya mwaka hiyo ni saa mbili kamili ya usiku Afrika Mashariki, na majira yao ya baridi ni saa tatu. Apple nao aghalabu huachia matoleo yao saa hiyo hiyo. Si kwamba kila kompyuta hukimbilia dakika ile ile, hujipanga kwa saa kadhaa. Ila asubuhi yao ya kazi imeangukia taarifa yetu ya habari, vikao vyetu vya harusi na watoto wetu wenye kazi za shule, na sidhani kama kuna aliyekaa mezani akaliwaza hilo.

Mke wangu aliposikia, alitoa hukumu ya haraka: masasisho yote yazimwe, kwa kila mtu, hadi harusi ipite. Nusura nikubali. Binti yake akamkumbusha Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta duniani kote na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Dawa ya tundu lililotumika ilikuwa imetolewa tarehe 14 Machi, Jumanne ya pili ya mwezi huo, miezi miwili kasoro kidogo kabla. Walioumia wengi walikuwa hawajaiweka. Mke wangu ana mafaili ya mishahara ya watu kwenye ile laptopu. Hukumu ikatenguliwa.

Kwa hiyo tukaanza na yaliyo rahisi. Laptopu ya kijana wa kaka yangu ikapangiwa kikomo cha kasi ya upakuaji, jambo ambalo Windows inaruhusu kwenye mipangilio yake, na mwenyewe akaapa kuiacha ipakue alfajiri. Ya ofisini vivyo hivyo. Simu zilikuwa na nidhamu tayari, nyingi husubiri usiku zikiwa kwenye chaji. Hilo lilisaidia, lakini nyumba yenye watu haitunzwi kwa viapo. Atakuja mgeni mwingine na laptopu nyingine.

Binti yangu akaenda Kariakoo, akarudi na ruta ya mtumba, akaiwekea OpenWrt, programu huria ya ruta isiyouzwa. Ndani yake mna kanuni ya kusimamia foleni ambayo mizizi yake ni kazi ya Kathleen Nichols na yule yule Van Jacobson ya mwaka 2012, baadaye ikaongezewa uwezo wa kumpa kila mzungumzaji mstari wake. Ruta inachota pakiti moja huku na moja kule, na anayerundika anapunguziwa mapema ili ile habari imfikie. Ila ina sharti. Foleni ya upakuaji haikai ndani ya nyumba, inajaa upande wa kampuni, pale njia yao pana inapoingia kwenye njia nyembamba ya kwetu, na kule hatuna mamlaka. Ili uihamishie kwako lazima ruta yako iwe nyembamba kuliko njia yenyewe. Akaandika 9 mahali pa 10.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Tisa? Si tunalipia kumi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hiyo moja tunamwachia nani?"

Binti akajaribu kueleza. Nilimwona bibi akimsikiliza hadi mwisho kwa subira, kisha akageukia kwangu na kuniuliza kama hiki ndicho tunachokilipia ada chuoni. Nilitazama dari. Jumanne iliyofuata, makusudi, binti aliwasha upakuaji mzito kwenye laptopu mbili kwa pamoja na kuanzisha kikao. Milisekunde zilipanda hadi 35, zikakaa hapo. Mjomba akaingia, kanzu imenyooka, kila ukucha wa kidole chake unaonekana. Shangazi, ambaye hasahau, akasoma orodha ya ahadi kwa sauti na alipofika jina lake akasoma "milioni tano" bila kupepesa.

"Nilisema milioni mbili," alisema mjomba. Ilisikika Tabata, Tanga na Mwanza kwa wakati mmoja, neno kwa neno, na hakukuwa na kimduara cha kumsitiri mtu yeyote. Katibu akafuta, akaandika upya.

Ikabaki kesi ya jirani. Mama mkwe hakuizungumzia, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Ila Ijumaa ile alikaanga vitumbua vingi kuliko tunavyokula, akajaza sahani, akaifunika kawa na kumtuma mjukuu wake nyumba ya pili bila ujumbe wowote. Nasikia walishangaa, wakauliza kuna hitima gani.

Sahani hairudi tupu. Siku ya pili mama wa nyumba ile aliileta ikiwa na maembe dodo, pamoja na ile mbuzi ya nazi kwa kuwa aliona hatujaiomba muda mrefu. Akasitasita mlangoni. "Samahani mama, mwanangu ana kazi ya shule ya kupakua na bando limekata. Naona kwenu siku hizi mambo hayakwami."

"Mwandikieni paswedi," mama mkwe akaagiza kutoka ndani. "Na ile herufi kubwa ya mwanzo msiisahau."

Jumanne jioni jina jipya lilionekana kwenye orodha ya ruta. Simu ya mtoto wa jirani, kabla haijagusa kazi ya shule, ilianza kupakua masasisho, gigabaiti nzima na zaidi. Sebuleni kamati ilikuwa inagombana juu ya bei ya mapambo, na maneno ya shangazi kutoka Tanga yalitufikia yote, hata yale ambayo wengine wetu tungependa yakwame njiani.